Kijakazi na Ubao wa Kuoshea Maiti

"Sema tena," alisema Warda. "Hivyo hivyo ulivyosema, majirani nao wasikie."

"Nimesema nipe kesho."

"Kesho! Mama yangu yuko kitandani, uji ukimwingia kijiko kimoja nyumba nzima tunashukuru, na wewe unataka akungoje. Akungoje nini? Maji yajae?"

"Ndiyo, maji yajae," alisema Kijakazi. "Kesho bamvua. Maji yakijaa sana, wimbi la pale funguni linakuja limenyooka, halivunjiki ovyo. Nikisimama mara moja tu nashuka, nausugua ubao, nakuletea mpaka mlangoni unang'aa kama sahani ya harusi."

"Na usiposimama?"

"Nitakuletea vilevile."

"Bamvua iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Bamvua iliyopita nilianguka."

"Na ile ya kabla yake?"

"Nilianguka pia. Lakini kwa upande mwingine."

Warda akainama kuutazama ubao, uliokuwa umelala katikati ya ua. Akauwekea kiganja. Kiganja kikabaki pale pale. Akakivuta, kikatoka kwa mlio kama wa mtu anayembusu mtoto shavuni.

"Nini hiki?"

"Ulimbo."

"Ulimbo wa nini?"

"Wa fenesi."

"Sikukuuliza wa mti gani. Nimekuuliza wa nini!"

"Wa kusimamia."

"Yaani mama yangu nimlaze juu ya ulimbo, kama chiriku!"

Mimi nilikuwa nimekaa barazani pale pale kwa Kijakazi, nasuka ukili, na sikunyanyua kichwa. Nilijua nikinyanyua nitaulizwa, na nikiulizwa nitajibu.

Warda huyu ni binti wa Bimkubwa. Bimkubwa ndiye mkubwa wa wanawake wanaoosha maiti hapa kijijini kwetu Kanga, na Kijakazi ni mwanafunzi wake. Na huo ubao waliokuwa wakiugombea ndio tunaooshea wafu wetu wa kike. Nikisema hivyo mtu wa mbali atauliza wimbi linaingiaje. Linaingia.

Ubao ulikuja Kanga wenyewe. Kusi lilikuwa kali mwaka ule, bahari ikatutapikia magogo, chupa, na ndara za mguu mmoja mmoja za watu tusiowajua. Kati ya vitu hivyo ukawemo ubao. Mweupe, mrefu kumpita mwanamume mrefu, umechongoka mbele, na chini kwa nyuma una mapezi matatu kama ya papa. Si mti, si bati. Ukiugonga unaitika kama mtungi mtupu. Aliyeuona kwanza ni Hemedi mvuvi, akaufungia kuti kuonyesha kuwa umeshaonwa, ndivyo tunavyofanya kwa kila kinachookotwa pwani, kisha akaenda kumwambia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akapiga simu kwenye mahoteli. Hakuna aliyesema ni wake. Ukaegemezwa ukuta wa msikiti umngoje mwenyewe, ukangoja mpaka mjusi akataga mayai nyuma yake, mayai yakaanguliwa, na wale wadogo nao wakakua wakaoana.

Basi ikawa kila mtu anao ushauri. Mmoja alisema tuufanye mlango, lakini hatuna nyumba nyembamba hivyo. Mwingine akaanikia dagaa, dagaa wakateremka wote wakarudi mchangani. Bimkubwa ndiye aliyekuja, akaumwagia kata ya maji, akasimama kuyatazama yanavyokwenda. Yalikwenda moja kwa moja kuelekea miguuni, hayakutuama popote. Kitanda chetu cha zamani cha kuoshea kilikuwa cha mbao, kina misumari iliyochungulia nje, na maji yalikuwa yakisimama katikati mpaka uyakaushe kwa kitambaa.

"Huu," alisema Bimkubwa. "Na mimi siku yangu mtanilaza hapa, msinipeleke kwenye misumari."

Wote tulisikia. Warda alikuwa amesimama karibu yangu.

Hemedi akayakata yale mapezi kwa msumeno ili ubao ukae sawa, akampa mkewe, naye akawa anakatia vitunguu juu yake. Na juu ya ubao palikuwa na utando mgumu, mweupe, kama mafuta ya mbuzi yaliyoganda. Sisi wanawake tukasema huu uchafu wa baharini haufai kulaziwa mtu. Tukaumwagia maji ya moto, tukaukwangua kwa vifuu vya nazi, tukausugua kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya nazi kuupa nuru. Ukawa laini kiasi kwamba nzi alitua akavunjika mguu. Nilimwona akienda kwa kuchechemea.

Ukawekwa nyumbani kwa Kijakazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kulala nyumba moja nao.

Kijakazi alizaliwa kisiwani Bwejuu, akaletwa Kanga kuolewa, ana mkeka mmoja na kuku mmoja. Mumewe Suleimani alikuwa mkwezi wa minazi, na minazi aliyokuwa akiikwea yeye ilikuwa mirefu hata nazi zikidondoka asubuhi unakwenda shamba, unarudi, unapika, ndipo zinafika chini. Alikufa kitandani kwa homa, jambo lililowashangaza wote waliokuwa wakingoja aanguke. Walipata binti mmoja, ameolewa mjini Kilindoni. Kijakazi ana shamba la mihogo, na bahari ikipwa huchukua mti wake wa kuchokolea pweza, akaenda mwambani na wanawake wenzake.

Kazi ya kuosha hakuitafuta. Alikuwa akipita na ndoo kichwani akitoka kisimani, kwenye nyumba ambayo mmoja wa waoshaji alikuwa amezimia. Bimkubwa akatoa kichwa dirishani, akamwona, akamwambia, "Wewe wa ndoo, ingia." Akaingia. Akamwaga maji pale alipoambiwa amwage, akanyanyua mkono ulioambiwa unyanyuliwe, hakutetemeka wala hakuuliza. Tangu siku hiyo akifa mwanamke Kanga, huitwa Bimkubwa, na Bimkubwa humwita Kijakazi.

Wanamheshimu. Wanamwamkia. Ila kwenye harusi hukaa karibu na mlango, na sinia ikipita kwake huwa imeshachovywa na wengine wote. Mtoto mchanga hapakatishwi. Na mgonjwa hamtembelei, kwa adabu yake mwenyewe, maana muoshaji akija kumjulia mtu hali huonekana amekuja kumpima urefu. Palikuwa na bibi mmoja, hasemi wala hageuki tangu mwezi uandame. Kijakazi akapita nje ya dirisha anamtafuta mbuzi wa jirani aliyekata kamba. Yule bibi alipoisikia sauti yake akaruka kitandani, akachukua jembe, akaenda kupalilia. Yu hai mpaka leo, na muhogo wake ni mzuri.

Basi palitokea msiba, bafta ya sanda haikutosha, ikabidi iletwe haraka kutoka Kilindoni. Dukani kwa Kassam ndiko tunakonunua bafta, kafuri na ubani. Siku hiyo akaileta mwanawe, Abid, kwa pikipiki. Tukazika, watu wakala wali, na Abid akawa anazunguka ua akimngoja mtu wa kumwagia maji mikono. Akauona ubao unakauka juani. Akausogelea, akaugonga, akaupitisha kiganja toka kichwani mpaka mkiani.

"Shikamoo, bi Kijakazi. Huu mmeupata wapi?"

"Marahaba. Pwani."

"Na mnaufanyia nini?"

Kijakazi akamwambia. Abid akautoa mkono taratibu, akaufuta kwenye suruali, mbele na nyuma.

Kisha akacheka, na alipoona hatucheki akatoa simu. "Tazameni," alisema. "Wenzenu wanaufanyia hivi."

Mle kwenye simu alikuwamo mwanamke, amelowa, amesimama juu ya ubao kama ule ule. Nyuma yake wimbi kubwa kama ukuta wa nyumba. Halikumfunika. Lilikuwa linamsukuma, naye amekunja magoti, mikono ameitandaza, anakuja nalo mpaka pwani kama mtu aliyetumwa dukani.

"Rudisha," alisema Kijakazi.

Abid akarudisha.

"Rudisha tena."

Alirudisha mpaka simu ikalia chaji inakwisha.

"Na huyu yuko hai?" aliuliza Kijakazi.

"Yuko hai, bi. Anacheza."

"Mchezo huo unafundishwaje?"

"Hapo umenishinda. Mimi hata kuogelea sijui. Bahari naivuka kwenye boti, na mle kwenye boti nimefumba macho."

Huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza na wa mwisho.

Kijakazi akangoja hata Kanga ikakaa muda mrefu bila msiba, na siku moja baada ya alasiri, wanawake wakiwa jikoni, akavaa suruali ya marehemu mumewe, juu akavaa gauni, na juu ya gauni akajitanda shuka nyeupe toka kichwani mpaka kiunoni kwa ajili ya jua na kwa ajili ya watu. Akajitwika ubao. Mimi nilimfuata kwa mbali kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi nyumbani.

Akautia majini. Akaingia mpaka kifuani, pale mawimbi yanapoanza kuinuka kwenye fungu. Akaupanda. Na alipoupanda alilala chali, akanyoosha miguu, akaibana mikono ubavuni, akatazama juu.

Wimbi likamchukua. Lilimleta miguu mbele, taratibu, amelala vile vile, na shuka yake nyeupe imemganda.

Upande wa pili wa pwani Hemedi na wenzake walikuwa wanavuta wavu. Hemedi aliuona ubao, akaujua, maana aliukata mwenyewe. Akaona na kilicho juu yake. Hakupiga kelele. Aliachia kamba tu. Wenzake waliacha kukimbia walipofika msikitini, lakini Hemedi alikata mashamba, akapita minazi, akawapita watu wa pikipiki, na aliposimama akauliza hapa ni wapi, wakamwambia Ndagoni, mwisho wa pili wa kisiwa. Anayejua ilipo Kanga na ilipo Ndagoni atanielewa. Walimpa maji, wakamrudisha kwa pikipiki, na akawa anageuka nyuma njia nzima.

Kijakazi alipogota mchangani akainuka, akaona wavu una samaki na hauna watu. Akaufunga kamba kwenye gogo ili usichukuliwe na maji, akaja zake.

"Mbona ulilala chali?" nilimwuliza.

"Watu wote niliowaona juu ya ubao huu wamelala chali."

"Na yule wa kwenye simu?"

"Yule nilimwona ameshasimama. Sikumwona alivyoanza."

Siku nyingine akajaribu kulala kifudifudi, na hilo nalo lilimwia gumu. Kila akilala, mwili unageuka wenyewe, umezoea heshima. Alipoushinda mwili, akajifunza kupiga maji kwa mikono miwili. Hapo akawa anakwenda vizuri, anakuja na wimbi mpaka nchi kavu akiwa amelala tumbo, na angetosheka na hilo ningekuwa sina cha kuhadithia. Lakini akataka kusimama.

Akiweka goti, goti linakwenda Bwejuu na yeye anabaki Kanga. Ule ulaini tuliousugua kwa majivu na mafuta ya nazi, uliowafaa wasiotikisika, haukumfaa aliye hai. Na kwa kuwa mapezi yalikuwa jikoni kwa mke wa Hemedi, ubao haukwenda mbele, ulikwenda ubavu kama kaa. Alianguka kulia, alianguka kushoto, alianguka mahali ambapo si kulia wala kushoto. Aliinywa bahari kiasi kwamba siku hizo maji yalikuwa yakichelewa kujaa, na watu wa majahazi wakawa wanalaumu mwezi.

Kosa jingine lilikuwa la macho. Mtafuta pweza hutembea anatazama chini, asikanyage kitu kibaya, asimpite pweza shimoni. Juu ya ubao Kijakazi alifanya hivyo hivyo, alitazama miguu yake, na pale alipotazama ndipo alipoangukia. Mimi nikawa nampigia kelele toka pwani, "Tazama mbele! Pweza hayuko ubaoni!" Akawa hanisikii hata kidogo.

Ndipo alipoleta ulimbo. Alikuwa amewaza kuwa ndege akishatua kwenye kijiti chenye ulimbo haanguki hata upepo uje. Akachanja mfenesi, akakusanya utomvu, akauchemsha na mafuta kidogo, akaupaka ubao wote na kunyunyiza mchanga. Mara ya kwanza aliupaka mwingi. Alipiga magoti, magoti yakanata, wimbi likamleta mpaka nchi kavu amepiga magoti, na pale hakuweza kushuka. Nilimbandua kwa mafuta ya taa na kisu. Suruali ya marehemu ilibaki ubaoni.

Mara ya pili akapunguza. Lakini shakwe alitua mbele ya ubao kupumzika, na alipotaka kuruka miguu ikakataa. Kijakazi hakuwa na nafasi ya kumshughulikia, wimbi lilikuwa limeshakuja. Wakaenda wote wawili. Shakwe akazoea. Akawa anakaa pale mbele, na wimbi zuri likija nyuma anapiga kelele, likiwa baya ananyamaza, na Kijakazi akajifunza kuchagua mawimbi kwa huyo ndege. Tulipombandua hakuruka akaenda zake, alisimama mchangani anatutazama kama mtu aliyeachishwa kazi.

Basi hivyo hivyo, kidogo kidogo. Akajua kuwa usilifukuze wimbi, unalitangulia. Akajua namna mkia wa ubao unavyonyanyuka, na kwamba hapo ndipo pa kukandamiza kifua. Akaweza magoti yote mawili. Akaweza goti moja na unyayo mmoja. Kilichobaki ni ule unyayo wa pili.

Na Bimkubwa akaugua.

Aliugua kabla ya mfungo, akafunga mwanzo wa mwezi kwa ubishi, kisha akalala. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Alisema amechoka. Siku ya idi hakutoka kitandani, na baada ya idi akaacha wali, kisha akaacha chai. Watu wakaanza kuingia pale nyumbani kwa sauti ya chini. Ndipo Warda, kwa kuwa ni mtoto mwenye kufikiria mbele, akatoka asubuhi kuja kuutazama ubao kama u tayari.

Nakurudisheni uani.

"Nitakushitaki kwa mwalimu wa madrasa," alisema Warda. "Kitu cha kuoshea maiti unakipeleka kuchezea!"

"Nilishamwuliza."

"Ulimwuliza nini?"

"Nilimwuliza ubao ukiingia baharini unapoteza twahara? Akasema maji ya bahari ni twahara."

"Na ulimbo, je?"

"Ulimbo sikumwuliza."

"Unaona! Unaona, bibi?" Warda akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa unamtazama tu?"

"Mimi macho yangu hayaoni mbali," nilisema.

"Ulimwona shakwe!"

"Shakwe alikuwa karibu."

Warda akashika kiuno. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa kukosa usingizi peke yake. "Na hata kuja kumwangalia hujaja," alimwambia Kijakazi. "Watu wamekuja kutoka mpaka Kilindoni. Wewe uko nyumba ya tano, mtu aliyekufundisha kazi, hujaingia hata siku moja kumwambia pole."

"Ningeingia ungesema nimekuja kumpima."

"Nisingesema!"

"Yeye je, angesemaje? Kalala pale anatazama mlango, anaingia nani? Kijakazi. Warda mwanangu, mimi naijua hiyo sura. Nimeiona kwa kila mgonjwa. Sitaki kuiona kwa Bimkubwa."

Kuku akapita katikati yao, akaenda zake.

"Basi nipe ubao," alisema Warda, na sauti ilikuwa imeshuka. "Hukuja, haya. Lakini alisema atalazwa juu ya huu. Hakuomba kingine. Hakuomba dhahabu wala kupelekwa hospitali ya bara. Ameomba ubao laini. Leo nikirudi nikamwambia una mchanga na ulimbo, nitamwambia kwa mdomo gani?"

"Kuutoa ulimbo ni kazi ya nusu siku."

"Basi anza."

"Na nikiutoa, ule ulimbo wa fenesi umekwisha. Mfenesi hautoi tena mpaka jeraha lipone. Na akishalazwa Bimkubwa juu yake, mimi tena nitaupelekaje majini? Nitawezaje? Hapo ubao kwangu umekwisha, Warda. Utakuwa wake. Mimi nina kesho tu."

"Kesho ya nini, Kijakazi? Mwanamke mzima wewe, una wajukuu. Ukishasimama halafu? Utapewa nini?"

Kijakazi alikuwa na kifuu mkononi, cha kukwangulia. Akakigeuzageuza.

"Juu ya ubao huu nimewalaza wake za watu," alisema. "Nimemlaza mama mkwe wako. Nimemlaza yule binti aliyekufa kwa uzazi, na mtoto wake pembeni. Wakubwa kwa wadogo, wote wamelala, na wote nimewanyoosha kwa mikono hii. Nataka juu yake nimwone mmoja aliyesimama. Hata kama ni mimi."

Nilisita kusuka. Ukili ukateleza, nikaupoteza mshono.

"Na ukifa maji?" aliuliza Warda.

"Utanitafutia kitanda cha misumari."

"Huoni hata haya kutania wakati wa msiba, wewe!"

"Msiba wa nani? Kafa nani?"

"Usinitie maneno mdomoni, Kijakazi! Nipe ubao!"

Warda akaukamata kwa mbele. Kijakazi akaudaka kwa nyuma. Mmoja akavuta kwenda mlangoni, mwenziwe akavuta kwenda jikoni, na ubao ukanyanyuka toka chini, ukawa baina yao, usawa wa kiuno. Warda ana nguvu za mtwanga mpunga, Kijakazi ana nguvu za kuwageuza watu wasiojigeuza. Walizunguka ua mzima. Walipita juu ya jungu, walipita juu ya mkeka wangu, kuku akapanda juu ya banda.

"Achia!"

"Achia wewe!"

"Mwizi wa kitanda cha watu!"

"Mrithi wa haraka, wewe! Mama bado anapumua!"

Hapo Warda alipandwa na mori. Aliufungua mdomo, na nililiona neno limeshafika kwenye meno, neno ambalo likitoka watu hawasemeshani mpaka mmoja wao aoshwe. Nikatupa ukili chini nisimame.

Mlango wa ua ukasukumwa.

Aliingia Bimkubwa. Kanga yake ameifunga ndani nje, kichwani hana mtandio, mkono mmoja umeshika kizingiti, na ndara alizovaa ni za Warda. Alikuwa mwembamba kama kivuli cha mti wa kuchokolea pweza. Alisimama akavuta pumzi, akatazama jungu lililopinduka, akamtazama bintiye, akamtazama Kijakazi, kisha akautazama ubao waliokuwa wameushika huku na huku kama watu waliobeba mtu.

Neno la Warda halikutoka. Kijakazi alifanya kama anataka kujificha nyuma ya ubao, na ubao haukumtosha. Hakuna aliyesema karibu.

Bimkubwa akawaonyesha chini kwa kidevu.

Wakaushusha, polepole, mpaka ukatulia mchangani. Yeye akaja, hatua ndogo ndogo, akaushika ukuta, akauacha ukuta, akanishika mimi begani. Akavua ndara. Akaweka unyayo mmoja juu ya ubao, kisha wa pili.